Nyuki Wangu Hawalishwi

Jumapili, 4 Agosti

Mimi Zakaria, miaka sabini na tisa, meno ya mbele yote yapo. Nimezika wake wawili, kaka zangu wote, na daktari aliyesema sitatembea tena siku nilipoanguka kutoka juu ya mti na mzinga mkononi. Nyati alinikosa. Chui alinikosa. Mwalimu wa kisomo cha watu wazima aliyesema mkono wangu ni mzito kwa kalamu, naye nimemzika. Kalamu ninayo.

Asubuhi nimezunguka mizinga kama kila siku. Nagonga ubavu kwa kifundo cha kidole, naweka sikio. Wakivuma wote kwa pamoja halafu wakanyamaza, wako sawa. Leo wamevuma. Mizinga minane nyuma ya nyumba, juu ya nguzo, na kila nguzo nimeipaka grisi chini siafu wasipande. Akili hiyo ni yangu, wengine wameiga.

Baridi bado inauma. Upepo na vumbi. Kuanzia hapa mpaka barabarani hakuna ua hata moja. Wakati huu ndio nyuki wa watu wanahama. Mzee Daudi wa ng'ambo ya kisima, mizinga yake sasa ni ya mijusi. Nyuki wangu hawajahama hata kiangazi kimoja tangu niilete mizinga nyumbani, na hii ni miaka mitano. Watu wa Rungwa wanajua asali, lakini wanakuja kuniuliza siri. Wengine wamesikia mambo ya kuwapa nyuki chakula. Nawaambia nyuki wangu hawalishwi. Nyuki anamtambua mwenye mzinga ni mtu wa namna gani, basi anakaa.

Mizinga ya porini nilimwachia mwanangu Yona. Nimetangaza kwamba ni ukarimu. Ukweli ni goti.


Ijumaa, 9 Agosti

Mtendaji wa kijiji ameumwa na nyuki mdomoni.

Alikuwa anakunywa chai kwa Tabitha. Nyuki alikuwa ndani ya kikombe, anakunywa pia. Tabitha ni mdogo wake marehemu mke wangu Salome, ana kibanda cha chai pale magari yanaposimama. Kwetu shemeji ni mtani. Ana ruhusa ya kunisema atakavyo, na ruhusa hiyo haijawahi kulala bure.

Mtendaji alifika hapa mdomo wa juu umepanda mpaka puani. Alitaka kufoka lakini maneno yalitoka na hewa. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Nilikuwa nimesikia mara ya kwanza.

Amesema hivi. Mkutano wa kijiji mwisho wa Septemba utaamua. Nyuki wakiendelea kuingia kwenye chai za watu, mizinga yangu ihamishiwe msitu wa kijiji.

Msitu wa kijiji ni mwendo wa nusu siku kwa mtu mwenye magoti mawili. Mimi ninalo moja. Mizinga ikienda huko sitaiona tena. Yona ataniletea habari zake. Nitakuwa mzee wa kwenye kiti, anayeulizwa kila asubuhi kama amelala vizuri.

Sikumwambia hayo. Nilimwambia nyuki wangu wana adabu, na kama wamemuuma basi ajiulize alikuwa anasema nini.


Jumatatu, 12 Agosti

Nimemaliza tatizo. Peke yangu. Kichwa changu bado kinafanya kazi kuliko vya ofisini.

Nilikwenda kibandani kwa Tabitha kukagua. Nyuma ya jiko nikakuta sufuria kuukuu imekaa kwenye kivuli, imejaa maji. Nikachovya kidole, nikalamba. Tamu. Ni maji ya kusuuzia vikombe vya chai. Hayamwagi shimoni kama mtu mwenye usafi, anayakusanya humo. Na ndani yake magunzi ya mahindi yanaelea. Nyuki wamejipanga juu ya magunzi, wanakunywa kama ng'ombe kisimani.

Nikamwita. Nikamweleza mbele ya wateja, kwa sauti ya mkutano, kwamba uchafu ule ndio unaowaita nyuki mpaka kwenye vikombe. Kwamba akiacha uvivu wake kijiji kitapumzika.

Alishika kiuno. Akasema, "Una uhakika, shemeji?"

Nikamwambia tangu nizaliwe sijawahi kukosa uhakika.

Wateja wakacheka. Akabeba sufuria, akaenda kuimwaga chooni, akarudi akaisugua kwa mchanga bila kusema neno. Tabitha bila neno si kawaida. Nikajua nimemweza.

Nimerudi nyumbani natembea vizuri kabisa. Nimeanza kupanga hotuba ya mkutano. Itaanza na babu yangu.


Ijumaa, 16 Agosti

Siku za mwanzo nyuki walizidi. Waliingia kila kikombe, kila bakuli la sukari, Tabitha akafunga kibanda mapema. Leo wamepungua. Mtendaji amekunywa kikombe kizima na mdomo wake umerudi mahali pake.

Nilisema.


Jumanne, 20 Agosti

Mzinga wa tatu umevuma kwa kuchelewa, na kwa sauti ndogo. Nimeuinua kidogo kwa nyuma. Mwepesi kama kapu tupu. Nimeinua na mingine. Miepesi.

Ni upepo. Upepo huu unakausha kila kitu.

Mmoja amenichoma shingoni, hapa hapa nyumbani kwangu. Hawajawahi. Nimemsamehe.


Alhamisi, 22 Agosti

Mzinga wa tatu nimegonga, kimya. Nikagonga tena. Nikaufungua.

Wamehama. Masega makavu, hakuna tone. Vipepeo wa nta wameshaingia, wanatembea humo kama wapangaji.

Nilikaa chini. Kunyanyuka kulinichukua muda.

Nimewaambia watu nimewatoa mwenyewe ili kuupumzisha mzinga. Mzee Daudi alitikisa kichwa pole pole, kama mtu anayeelewa sana. Nilimchukia.


Jumatatu, 26 Agosti

Amekuja afisa wa nyuki kutoka Itigi, kwa pikipiki. Kijana wa kike, sawa na mjukuu wangu, lakini cheo chake hapa ni Bibi Nyuki. Mimi sikumwita. Yona amemwita bila kunishirikisha. Alinipa shikamoo, akasubiri niitikie ndipo akavua kofia ya pikipiki. Hilo nampa.

Amefungua mizinga yote. Nilisimama karibu nimsaidie akikimbia. Hakukimbia.

Amesema, "Babu, hawa wana njaa."

Maelezo yake ni haya. Nichemshe maji, yapoe kidogo, nikoroge na sukari nyeupe. Kila mzinga chakula chake, ndani, jioni. Niendelee hivyo mpaka miti ya miombo itoe maua. Nyuki wakishiba sasa malkia atazaa, na maua yakifika kutakuwa na wengi wa kwenda kuyafuata. Nikiwaacha hivi, maua yatakuta mizinga mitupu.

Nikamwambia mzinga si banda la kuku. Babu yangu alikuwa na mizinga mpaka hajui mwisho wake, na hakumpa nyuki hata punje ya sukari. Akasema babu yangu alikuwa na pori zima na mzinga mmoja mmoja umetawanyika. Mimi nimeweka makundi manane pamoja, mahali penye mwarobaini mmoja na miba.

Kisha akauliza, miaka hii yote, kiangazi walikuwa wanakula nini?

Nikamjibu walikuwa wanavumilia.

Akasema nyuki havumilii. Anahama.

Nilimpa asali ya kuondoka nayo. Sikumpa nyingi.


Jumanne, 27 Agosti

Nimegonga mizinga saba. Nimesikiliza kwa sikio la kulia, halafu la kushoto, maana la kulia limekula chumvi zaidi, halisikii vizuri.

Wana njaa. Nimeandika hapa, hakuna anayesoma.


Jumatano, 28 Agosti

Siku mbaya. Nitaandika kidogo kidogo, jicho moja limefunga.

Niliamua kuwalisha, lakini kwa siri. Sukari nyeupe siwezi kununua. Duka linatazamana na kibanda cha Tabitha, na Tabitha anajua kila kifurushi kinachotoka mle ni cha nani. Lakini nilikuwa na sukari guru, imebaki kwenye pombe ya wale waliokuja kumsaidia Yona kuvuna. Nyeusi, ngumu, ina nguvu. Nyeupe ni ya watu wa mjini, inayeyuka hata ukiiangalia. Kwa hiyo kwenye sukari nilimzidi Bibi Nyuki.

La pili, eti kila mzinga na sahani yake. Huko ni kula kwa watu wasiopendana. Hapa kwetu watu wa nyumba moja wanakula sinia moja. Nikachukua sinia kubwa la Salome, lile la sherehe, nikaliweka katikati ya uwanja asubuhi jua linapotoka, nikamimina uji wa sukari guru mpaka ukingoni. Nikaketi kuwatazama wanavyokaribishana.

Hawakukaribishana.

Walikuja wa mizinga yangu yote saba. Wakaja na wa porini, ambao hawakualikwa. Kwanza walikunywa. Halafu wakaanza kupigana. Wanashikana wawili wawili, wanabiringika chini, mmoja anabaki. Sinia lilipokauka ndipo ilipokuwa vita kabisa. Wenye nguvu waliwafuata wanyonge mpaka makwao, wakaingia, wakapora na kile kidogo kilichokuwa ndani. Mzinga wa sita, ule ulio karibu na mwarobaini, waliumaliza. Niliwaona wanatoka mlangoni wamejaa matumbo.

Kuku waliingia chini ya kitanda. Mbuzi alikata kamba, hajaonekana. Nilijaribu kulifunika sinia kwa blanketi, wakanichoma kupitia blanketi. Kwenye kope. Kwenye sikio lile zuri. Majirani walikuwa wanachungulia kwa nyuma ya milango, nasikia wanahesabiana jinsi ninavyoruka. Goti langu, nimeona leo, linaweza kuruka.

Mchana palitulia. Ardhi nyeusi, nyuki wamekufa. Nimefagia mwenyewe, sikutaka mtu anisaidie. Karai limejaa.

Basi.


Ijumaa, 30 Agosti

Kila mzinga sahani yake, ndani, jioni. Katika hilo Bibi Nyuki alikuwa sahihi. Katika hilo tu. Sukari itabaki guru.

Wanakunywa. Mzinga wa sita wamebaki wachache, lakini nao wanakunywa. Mbuzi amerudi.

Watu wanaouliza kuhusu jicho nawaambia nililala vibaya.


Jumanne, 3 Septemba

Wanavuma. Wanatoka kwa wingi, wanazunguka juu ya uwanja, wanarudi. Nimewafufua. Kama nisingekuwa mrina asali ningekuwa daktari, na wagonjwa wangenizika wao.

Hotuba imefika kwa baba yangu.


Jumapili, 8 Septemba

Aibu.

Nyuki akila kitu kisichomfaa, tumbo linamgeuka. Hilo nalijua tangu utotoni. Ila sikuwa nimelihusisha na mimi.

Nyumba yangu imepakana na kanisa. Jana kwaya walifua majoho yao meupe kwa sababu ya mgeni anayetoka Kilimatinde, wakaanika kwenye kamba upande wa kwangu, penye jua. Nyuki wangu nao jana walitoka kujisaidia. Nyuki hajisaidii ndani ya nyumba yake, ni msafi. Anatoka, anaruka, anaachia.

Asubuhi kwaya imeingia kanisani ikiimba, na madoa. Ya njano, ya kahawia, marefu, mafupi, mabegani, mgongoni. Mwalimu wa kwaya alikuwa anawaongoza amenuna. Mgeni alianza kwa kusifu vazi, akasema amependa hizo nakshi.

Nilitazama mbele tu.

Tulipotoka, Tabitha akanifuata. Yeye ni sauti ya kwanza, anasimama mstari wa mbele, na begani alikuwa na doa refu kuliko wote. Akasimama mbele yangu na mbele ya watu wote.

"Shemeji, nyuki wako wanaharisha. Umewapa nini?"

Nikamwambia nyuki wangu hawalishwi.

Akalivuta joho begani, akalinusa doa. Sijawahi kuona mwanamke akinusa kitu kwa utulivu hivyo. Akawageukia watu, akasema, "Sukari guru."

Walicheka mpaka mgeni akauliza kuna nini. Wakamweleza. Naye akacheka, halafu akajiangalia viatu.

Nimekuja nyumbani sikunywa chai ya wageni. Sukari guru iliyobaki nimempa mbuzi.


Jumatano, 11 Septemba

Kundi la mzinga wa tano limetoka mbele ya macho yangu. Asubuhi, jua limepanda. Walitoka kama moshi, wakazunguka, wakaenda kuning'inia kwenye tawi la juu la mwarobaini, wote, donge moja.

Zamani ningekuwa juu na kapu kabla hawajatulia. Niliweka mguu kwenye shina. Nikavuta. Goti likakataa. Nikaweka mguu mwingine. Nikateleza, nikakwaruza kifua. Nikabaki nimekumbatia mti.

Tabitha akanikuta hivyo. Ameacha kibanda saa ya wateja, ana ndoo kichwani. Nikamwambia akacheke kwingine. Hakucheka. Aliitua ndoo miguuni pangu.

"Unayajua haya?"

"Maji ya vikombe."

"Miaka mitano, shemeji. Kila kiangazi nawasuuzia, naongeza na sukari yangu, naweka magunzi wasizame. Ulipokuja kunikataza mbele ya wateja, nikasema haya, acha aone mwenyewe."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku zote hizo.

Akasema, "Ungekubali?"

Nilikuwa bado nimeushika mti.

Tulikaa chini wote wawili tukawatazama wale wa kwenye tawi. Tabitha akataka kumwita Yona apande, lakini Yona yuko porini. Mchana wakanyanyuka, wakaelekea upande wa pori. Tukawatazama mpaka wakaisha angani.

Miaka mitano nimetembea kijiji hiki nikiwaambia watu nyuki wananitambua. Walikuwa wanamtambua Tabitha.

Najisikia mjinga. Siandiki tena leo.


Alhamisi, 12 Septemba

Nimeenda dukani mchana, watu wakiniona. Nikaomba sukari nyeupe. Mwenye duka akauliza kama nina wageni. Nikasema ni ya nyuki. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini nilisema.

Tabitha amekuja kunionyesha. Maji ya moto, si ya kuchemka wakati unaweka sukari, na unakoroga mpaka yawe safi kama maji ya kunywa. Magunzi anayapasua katikati. Mimi nimekata vijiti badala yake, vinapangika vizuri zaidi. Hilo la vijiti ni langu.

Milango ya mizinga nimeibana kwa udongo, nimeacha upenyo mdogo tu, ili hata wanyonge waweze kulinda kwao. Hayo aliyasema Bibi Nyuki siku ile na mimi nilijifanya nakohoa.

Jioni kila mzinga umepata sahani yake. Sita. Nimegonga. Hawakuvuma, walikuwa wanakula.


Jumamosi, 21 Septemba

Mizinga imekuwa mizito. Kila jioni sahani, kila asubuhi sahani tupu. Hata mzinga wa sita, nimechungulia, nimeona watoto kwenye masega, weupe, wamejikunja. Malkia anafanya kazi.

Kwa Tabitha nyuki hawaonekani, labda mmoja mmoja wa kupita. Nimeenda kuhakikisha mwenyewe. Nilikaa kidogo, nikawaeleza wateja kuhusu vijiti. Tabitha akaniambia mizinga inanisubiri.

Kwaya wamefua tena. Madoa hayajatoka yote.


Alhamisi, 26 Septemba

Mkutano.

Nilivaa koti. Nilianza na babu yangu, kama nilivyopanga. Nilipofika alipozaliwa, mwenyekiti akaniomba nifupishe. Nikafupisha mpaka alipooa. Akaniomba nikae.

Mtendaji akasimama. Akasema ni kweli, sasa nyuki wametulia. Lakini kiangazi kijacho je? Mzee atachoka, au atajisikia, atasema tena hawalishwi, na midomo ni ya watu. Msitu wa kijiji upo, nyuki waende msituni. Mwalimu wa kwaya akasimama naye, akazungumza kwa urefu kuhusu majoho na sabuni, na yeye hakuna aliyemwambia afupishe. Nikaona vichwa vinaitikia. Nikaona mizinga yangu iko kwenye mkokoteni.

Nikanyanyuka bila ruhusa. Nikasema nitawalisha kila kiangazi mpaka nife, na nikifa Yona atawalisha.

Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Si ulisema nyuki wako hawalishwi?"

Nilikuwa na majibu matatu. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi. Nikayaacha yote.

Nikasema, "Walikuwa wanalishwa. Sikujua mimi. Alikuwa anawalisha shemeji yangu."

Nimehudhuria mikutano ya kijiji hiki tangu kianze. Sijawahi kukubali kosa hata katika mmoja. Mzee Daudi alivua kofia.

Mwenyekiti akamwuliza Tabitha ni kwa nini alishe nyuki wasio wake, tena waje kumfukuzia wateja. Tabitha akajifunga kanga vizuri, akasimama.

"Dada yangu Salome aliniita siku zake za mwisho. Akaniambia, Tabitha, angalia nyuki wa mwanamume huyu wasihame. Wakihama atakuja kukaa kibandani kwako kutwa nzima anaongea."

Hapo mkutano ulivunjika kwa muda. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mtendaji aliinamia meza, mabega yanatikisika. Tabitha akangoja wamalize, uso haujabadilika.

"Sasa ninyi hamisheni mizinga," akasema. "Halafu mniambie mtu mwenyewe atakaa kwa nani. Anayemtaka anyooshe mkono."

Hakuna aliyenyoosha. Hata Yona. Nilimwangalia Yona, akaangalia juu.

Mwenyekiti akauliza wanaotaka mizinga ibaki. Mikono ilinyooka yote, mingine miwili miwili. Mwalimu wa kwaya naye, baada ya kufikiri.

Nimeshinda kwa kura ambazo mwenyekiti mwenyewe hajawahi kuzipata. Sababu yenyewe haikuwa nzuri.

Nilirudi na hasira njia nzima. Nilipofika nyumbani nikamsikia Salome anasema maneno yale, kwa sauti yake, ile ya kusema jambo huku anapepeta mchele. Ni yeye kabisa. Alikuwa anaumwa vile, hawezi kunyanyua kijiko, na alikuwa anapanga mimi nitakuwa wapi.

Nimewapa nyuki chakula chao. Nikakaa nao mpaka jua likazama.


Jumapili, 6 Oktoba

Upepo umebadilika. Unatoka porini na una harufu tamu. Majani ya miombo yametoka mapya, mekundu, na kati yake maua, yale madogo yasiyoonekana mpaka usimame chini yake.

Nimefungua mizinga kuchukua sahani. Zimejaa, kama nilivyoziweka jana. Vijiti vikavu. Hakuna aliyegusa.

Nimeketi kwenye kigoda pembeni ya mlango wa mzinga wa kwanza. Wanarudi wamechoka, miguu imebeba unga wa njano, wengine wanaanguka kabla ya kufika mlangoni, wanapumzika kidogo, wanaingia kwa miguu. Mzinga wa sita nao. Nimeondoa udongo milangoni wapite vizuri.

Maji ya sukari yaliyobaki nimetilia chai yangu. Yanafaa.

Goti linauma, lakini si la kuandika.

Haya ni ya kweli. Anayebisha amwulize Tabitha. Ataongeza yake, lakini yangu pia yatakuwemo.